Mwisho Aliotusimulia Stanislas

Jumapili, 3 Novemba

Yaya Philomène, dada yangu mkubwa, ameondoka. Nimeizunguka sentensi hii tangu tulipotoka misa: nimeandika tarehe, nimepiga mstari chini ya tarehe, nimenoa penseli ambayo hata siitumii. Hakuna pengine pa kuanzia.

Alikwenda Kolwezi Jumamosi iliyopita, kupika kwa mama mmoja anayelisha wachimbaji. Maman alikuwa amekwisha kumwandikisha mwaka wa pili wa uuguzi. Waligombana tangu asubuhi, jikoni, uani, tena jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya pipa la maji na hakuna aliyekumbuka kwamba nipo. Niko hivyo, mtu wa kusahauliwa pale aliposimama. Yaya alipofika mlangoni na mfuko wake, Maman alisema:

— Ukipita huu mulango, usirudie. Minye siko tena maman yako.

Yaya hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kisha akapita.

Tangu hapo jina lake halitajwi kwetu. Papa, baba yetu, alifariki nikiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo tumebaki wawili, Maman na mimi, na samaki wa kukaushwa anaowaleta kutoka ziwani Tshangalele kuwauza sokoni. Nyumba yetu ni ya zamani, ya kambi ya wafanyakazi, hapa mtaa wa Panda, Likasi. Kuta zake zinasikia kila kitu.

Leo mvua ya kwanza ya kweli imenyesha katikati ya mahubiri. Mabati ya kanisa yalipiga kelele hadi padri akafunga kitabu, akakaa, akangoja. Nilifurahi. Mvua ikipiga bati hakuna anayetegemewa kusema lolote.

Jumatano, 6 Novemba

Interro ya kemia, mwalimu akiuliza maswali kwa mdomo. Nilijua yote. Sikunyosha mkono.

Jumamosi, 9 Novemba

Courant haipo, taa zimezimika, na mvua haijakatika, basi nitaandika habari ya filamu. Nimeibeba wiki hizi zote na sina wa kumwambia.

Ilikuwa Jumamosi ile ya kabla ya Yaya kuondoka. Alinipeleka kwa Stanislas. Kwa Stanislas ni ghala la zamani nyuma ya soko, madirisha yamezibwa kwa plastiki nyeusi, ndani kuna benchi za kanisa lililovunjika. Filamu zinakuja kwa Kifaransa. Stanislas anapunguza sauti, anakaa kando ya televisheni na mikro yake, na yeye ndiye anasema kwa Kiswahili: mwanamume, mwanamke, mzee, mtoto, hadi mbwa. Na ana sheria moja. Courant ikikatika kabla ya mwisho, harudishi kiingilio, bali anasimama gizani na kuimaliza filamu kwa mdomo. Watu wamezoea. Wapo wanaosema ni tamu zaidi hivyo.

Filamu inaitwa Mille-Voix, yaani Sauti Elfu. Ni mwanamke jasusi. Akisikia mtu akisema mara moja tu, anaweza kuichukua sauti ya mtu huyo na kuisema kama yake. Wanamtuma kwenye mahoteli makubwa, kwenye meli za kivita, chumbani kwa rais. Anapiga watu pia, anaruka kutoka ghorofani, na watoto walikuwa wakipiga makofi hapo. Lakini kila sauti anayoiazima inakula kidogo sauti yake mwenyewe. Amefika mahali ambapo ni mtu mmoja tu duniani bado anaijua sauti yake ya kweli: mdogo wake. Anampigia simu, anamwita jina lake, basi, anakata.

Sijui nisemeje. Nimeona mashujaa wengi wenye misuli na moto mikononi, na kila mara nilikuwa nje, naangalia. Huyu alipokuwa hasemi kwa sauti ya mtu mwingine, alikuwa hasemi kabisa. Alikaa kwenye kona ya chumba, mikono kwenye mapaja, kama mimi. Ilikuwa kana kwamba mtu ameingia kifuani mwangu na tochi. Shuleni mwalimu akiniita, jibu ninalo, ninalo kwa lugha mbili, na linakaa kooni kama mwiba wa samaki. Wenzangu wananiita Radio. Arlette wa darasa letu ndiye aliyeanzisha: «Radio bila pile,» isiyo na betri.

Mwishoni wako kwenye barrage, ule ukuta mkubwa wa kuzuia maji ya mto. Siyo kama Mwadingusha tulikokwenda na darasa. Ile ni ndefu, nyeupe, ya Ulaya. Mdogo mtu yuko juu ya ukuta. Mille-Voix yuko chini na adui zake, na milango ya maji inaanza kufunguka. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Courant ikakatika.

Watu wakasema oooh, kisha wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu tulimsikia Stanislas akisimama.

— Munyamaze, alisema, bila mikro. Mayi inamubeba. Mudogo anabakia pale juu ya ukuta. Anangoya. Mvua inanyesha, anangoya. Bantu wanamwambia rudia nyumbani, anangoya. Siku mvua inaisha, anasikia sauti ku mugongo yake. Sauti ya kweli. Inaita jina yake. Anageuka. Njo yeye, dada yake.

Yaya alinishika mkono hadi mifupa ikauma. Tulipotoka nje, machoni bado kuna giza, aliniuliza:

— Umesikia, Jaël?

Nikasema ndiyo. Wiki moja baadaye akaondoka, na ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimesikia.

Basi mambo ndiyo haya. Kuna neno la Maman mlangoni, na kuna mwisho wa Stanislas. Mimi nimechagua mwisho wa Stanislas. Siku mvua inaisha.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua. Wali na mboga ya matembele.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimekuwa jasusi. Ni mchezo tu, lakini unanisaidia kupitisha siku. Napita nyumbani bila kugonga sahani. Namsoma Maman kama Mille-Voix anavyowasoma watu wake: anavyofunga kitambaa, anavyosema «haya» kwa namna tatu. Nimejaribu kuchukua sauti yake. Uani, ndani ya choo, nilisema polepole, «Jaël, leta mukaa.» Ilitoka vizuri hadi nikaogopa.

Leo nimempata na jambo. Alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alitwanga, akaacha, akatwanga. Alipoacha nikasikia kupitia ukuta sauti ya mwanamke, Kifaransa safi, ya kupendeza, sauti isiyomjua yeyote: namba uliyoipiga haipatikani. Kisha kinu tena. Kisha mwanamke yule tena.

Telefone kwetu ni moja, ni ya Maman. Mimi nikiipata anapooga, namba ninayoipiga ni moja, ya Yaya, na mwanamke yule ananijibu vilevile.

Kwa hiyo tunapiga wote wawili. Nyumba moja, namba moja, kila mtu amejificha kwa mwenzake. Nilitaka kuingia jikoni niseme. Nilisimama hadi sombe ikaiva.

Jumatano, 4 Desemba

Asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, niliona kitu nisichokielewa. Niliamka kwenda nje, nikamkuta Maman mlangoni, nikarudi nyuma ya pipa. Mbele yake ameweka kandambili za Yaya, zile za kijani alizoziacha. Mkononi kikombe. Mashavu yamevimba. Akaangalia barabarani huku na huku kama mwizi, akainama, akazipulizia kandambili maji kwa mdomo: pfuuu. Halafu akafungua mdomo kama anataka kusema. Halikutoka neno. Akafuta kidevu, akachukua kandambili, akaingia.

Nimefikiri labda jino linamuuma. Lakini kandambili zina kazi gani na jino?

Jumamosi, 7 Desemba

Ameifanya tena. Tena halikutoka neno.

Alhamisi, 26 Desemba

Noeli tumeifanya Tshangalele kwa Nkambo, mama yake Maman. Ziwa limejaa hadi kwenye mizizi ya matete. Watoto wa huko hawaniiti Radio. Hawaniiti kitu chochote, wananipa samaki nipare, na hiyo ilinitosha.

Jioni ya Noeli mjomba Bertin alianza kuwachekesha watu. Mjomba Bertin ni mvuvi, na akishika hadithi haiachi hadi amwage kikombe cha mtu. Alituambia kwamba akiwa kijana alimjibu Nkambo vibaya, na Nkambo akamwambia, «Ziwa likukule.» Aliyekuwepo alikuwa mtu mmoja tu, fundi wa kuziba sufuria, mpita njia. Tangu siku ile wavuvi wenzake wakakataa kupanda naye mtumbwi. Nani atapanda na mtu ambaye ziwa limekwisha kuambiwa jina lake? Hasira ya Nkambo iliisha upesi, alitaka kulirudisha neno lake, kupulizia maji kama inavyotakiwa. Lakini fundi alikuwa amekwenda.

— Sasa si ungefanya bila yeye, mtoto mmoja aliuliza.

— Haiwezekane, alisema mjomba. Neno ikitoka mbele ya muntu, inarudia mbele ya ule ule muntu. Hapo njo inasikia.

Wakamtafuta fundi hadi Likasi. Wakamkuta kwenye baa karibu na gare ya treni, na hakukubali kuja hadi aahidiwe samaki. Akaja. Wakamweka kwenye kiti, Nkambo akashika kikombe, na fundi akauliza kwa heshima kabisa: neno lenyewe lilikuwa lipi? Alikuwa amesahau. Ikabidi Nkambo amlaani mjomba upya ili apate cha kufuta.

Watu walicheka hadi wakashika matumbo. Nkambo akasema kwamba lile la pili ndilo alilosema kwa moyo wote. Maman alicheka pamoja nao. Kisha akatoka kwenda kuangalia samaki wa kwenye moshi, ambao walikuwa hawahitaji kuangaliwa.

Nami nilibaki nimeshika kisu na samaki. Kandambili. Maji. Neno lisilotoka.

Siku ile ya Yaya, mbele ya nani? Hapakuwa na jirani. Hapakuwa na mpita njia. Palikuwa na mimi, kando ya pipa.

Alhamisi, 2 Januari

Tumerudi. Ningepaswa kumwambia Maman kwamba najua. Ni maneno machache. Nimeyaandika kwa Kifaransa na kwa Kiswahili ili nione yapi mepesi. Yote mazito. Halafu nikajiambia: ya nini kuhangaika? Mvua ikiisha atarudi. Nimesikia kwa masikio yangu.

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimesema darasani, na sijui aliyesema ni nani.

Wakati wa mapumziko Arlette alikuwa amekaa juu ya dawati akiwahadithia wenzake Mille-Voix. Kwao kuna paneli za jua kwenye paa na televisheni kubwa kama mlango. Nilikuwa dirishani na kipande cha mkate. Akafika kwenye barrage, akasema, tena bila huruma, kama mtu anayesoma bei:

— Kisha anakufa.

— Hafi, nikasema.

Wote waligeuka. Ilikuwa sauti yangu, ndogo, lakini ilifika.

— Radio iko na pile! alisema Arlette, na wakacheka. Hafi namna gani? Minye niliona.

Nikasema anabebwa na maji, mdogo wake anamngoja, mvua ikiisha anarudi na kumwita. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo shuleni. Kicheko kikamtoka Arlette usoni.

— Uliona wapi hiyo?

Nikasema kwa Stanislas. Wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akasema nije kwao Jumamosi, nione mwenyewe.

Jumamosi, 18 Januari

Anakufa.

Ngoja niandike taratibu. Nyumba ya kina Arlette ina kapeti, nilivua viatu, soksi yangu ina tundu, nikalifunika kwa mguu mwingine. Tuliangalia kwa Kifaransa, sauti zote mahali pake. Mille-Voix ana sauti nyembamba, ya kawaida. Nilishtuka. Masikioni mwangu alikuwa na sauti ya Stanislas akiwa mwanamke.

Tukafika kwenye barrage. Akavuta pumzi, akafungua mdomo. Na courant haikukatika.

Anaita kwa sauti yake mwenyewe, ile ya mwisho iliyobaki, ili adui wamfuate yeye na wamwache mdogo wake. Wanamfuata. Maji yanashuka. Hatoki. Kamera inakaa juu ya maji muda mrefu sana, na nilikuwa nikisema moyoni, sasa, sasa. Mdogo mtu amekaa juu ya ukuta. Usiku, mchana. Kisha anasimama, anaokota koti la dada yake, analivaa, mikono inampita vidole, na anakwenda zake peke yake kwa barabara ndefu. Majina ya watu yakaanza kupanda.

Hakuna mvua. Katika filamu nzima hakuna hata tone moja la mvua.

Sikulia kwa namna ya kusikika. Arlette alizima televisheni. Nilingoja aniambie kitu cha kunichoma. Akaniletea maji kwenye glasi, akakaa chini kwenye kapeti, si kwenye kiti. Baadaye akasema kwamba yeye aliiona mara ya kwanza peke yake. Wazazi wake wako Lubumbashi wiki nzima, kila wiki. Na kwamba alilia hadi mpishi akaja kuuliza kama ni meno. Nikamsogezea glasi yangu. Nilimfikiria vibaya miaka yote hii na sasa ninaona aibu, lakini hata aibu hiyo nimeshindwa kumwambia.

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua. Nilikuwa nimejenga juu ya maneno ya mtu anayeogopa kurudisha viingilio.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda misa. Nilisema tumbo.

Jumamosi, 1 Februari

Nilikwenda kwa Stanislas mchana, kabla ya watu. Alikuwa juu ya ngazi akishona plastiki ya dirisha, maana upepo umeipasua. Ukimwona hivyo ni mtu mfupi tu mwenye kikohozi. Nilikuwa nimeandaa sentensi njiani. Ilipotoka ilikuwa na ukubwa wa nusu:

— Mille-Voix anakufa.

Hakuuliza mimi ni nani.

— Weye ni mudogo ya Philomène, alisema. Kuya. Shikilia huu uzi.

Nilishika uzi. Akashona. Akasema ndiyo, anakufa, na hajawahi kumficha mtu yeyote aliyeuliza. Siku nyingine courant inakuwepo hadi mwisho na anamwacha afe, afanye nini. Nikamwuliza kwa nini basi siku ile alitudanganya. Alishuka ngazi kwanza, kwa sababu ya kikohozi.

Akaniambia kwamba Yaya alikuwa amekwisha kuiona. Alikuja katikati ya wiki ile, akakaa nyuma, akaiona hadi mwisho, na watu walipotoka yeye akabaki. Akamwuliza Stanislas siku hizi upande wetu wanakata courant saa ngapi. Stanislas akamwambia: Jumamosi jioni, haikosi, kabla filamu haijaisha.

— Akasema, basi Jumamosi nitamuleta mudogo yangu. Nikamwambia, hutaona mwisho. Akasema, njo vile nataka. Akasema: muzee, courant ikikatika, usiue muntu. Muambie anarudia.

Nilibaki nimeshika uzi ambao haukuwa tena na kazi.

— Minye nikamwambia, anarudia lini? Bantu watauliza. Akafikiri. Akasema, mvua ikiisha.

Aliinua ndoo ya mtu fulani iliyokuwa imesahauliwa, akaiweka pembeni. Kisha akasema, kama anasema na ndoo, kwamba mtu akiomba mwisho wake utengenezwe hivyo, anautaka uwe kweli, lakini kuutaka hakumfikishi mtu nyumbani. Lazima mlango uwe wazi.

Jumatano, 5 Februari

Nafikiria. Ule mkono aliponishika hadi mifupa ikauma, gizani. Alikuwa akimsikiliza Stanislas kama atasema vizuri.

Kwa hiyo anataka kurudi. Kinachomzuia si maji, si adui. Ni sentensi moja ya Maman. Na Maman anajaribu kuirudisha kila baada ya siku chache na hairudi, kwa sababu wa kuisikia amejificha nyuma ya pipa na anacheza ujasusi.

Jumatatu, 10 Februari

Niliamka. Nilifika mlango wa nyuma. Nikarudi.

Jumanne, 18 Februari

Vilevile.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua kubwa, maji yameingia chumbani. Tulichota pamoja, Maman na mimi, kila mtu na sahani yake. Nilisema moyoni: sasa. Yeye akasema, «Haya.» Ile namna ya tatu, inayomaanisha tulale.

Jumamosi, 8 Machi

Imefanyika.

Nilisikia kikombe kikigusa pipa. Nilitoka bila viatu. Alikuwa mlangoni, kandambili chini mbele yake. Sikujificha. Nilikwenda nikasimama pale pale niliposimama siku ile, pipa upande wa kulia, na nikamngoja anione.

Aligeuka. Macho yakamtoka. Na mdomo wake ulikuwa umejaa maji.

Hakuweza kusema. Hakuweza hata kuniuliza natafuta nini. Tuliangaliana, mashavu yake yamevimba kama ya mtoto aliyeiba mkate, na nilielewa kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu ni mimi peke yangu hapa ninayeweza kusema. Mwiba ulikuwepo kooni. Nilisema juu yake.

— Maman, nilikuwa hapa. Nilisikia. Sema mbele yangu.

Aliyameza maji. Yote. Akakohoa. Nikafikiri atanipiga kofi, na badala yake alikaa chini kwenye kizingiti. Akasema alifikiri sikusikia. Kwamba nilikuwa nimekaa kimya hivi, miezi yote, hadi akajiambia labda Mungu aliniziba masikio siku ile. Kwamba aliogopa kuniuliza, kwa sababu kama sikusikia, basi angekuwa ameniambia yeye mwenyewe aliyomwambia mwanawe.

Nikachota maji, nikampa kikombe. Akasimama.

— Philomène. Nilisema usirudie. Nilisema siko maman yako. Ile neno ilikuwa ya hasira. Naikamata, nairudisha mu kinywa yangu. Mulango ni yako.

Akajaza mdomo, akapulizia kandambili, na mengine yakanifikia mimi usoni. Hakufuta kidevu.

Tulikaa. Jogoo wa jirani alikuwa akiwika bila mpango. Kisha nikasema kwamba Yaya naye lazima asikie. Maman akauliza Kolwezi atasikia namna gani. Nikasema telefone, tumtumie sauti, ataikuta siku akiiwasha. Akaitazama telefone, akanitazama.

— Na mayi? Mayi inapita mu telefone?

Nikasema mlio wake utapita. Ikabidi achukue kikombe cha pili, aseme tena yote tangu jina, mimi nashika telefone karibu na mdomo wake, na mwishoni inasikika pfuuu, na kicheko chake kidogo, kwa sababu aliniloesha tena.

Nilituma. Alama moja tu. Haijamfikia.

Alhamisi, 20 Machi

Alama moja. Lakini jana Maman alisema mezani, bila sababu, «Philomène hapendi pilipili.» Jina lilipita hewani kama ndege aliyeingia nyumbani, na hatukulifukuza.

Jumamosi, 29 Machi

Arlette amekuja kwetu. Alikaa kwenye kigoda, akapara samaki vibaya sana. Maman alimwambia hivyo. Niliomba radhi kwa niaba ya samaki, na wote wawili wakaniangalia, kwa sababu ilikuwa mzaha na nilikuwa nimeusema kwa sauti.

Jumapili, 6 Aprili

Alama moja. Mvua ndogo, ya kupita.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Anga safi tangu katikati ya wiki. Barabara ya kanisa imeanza kutoa vumbi. Nimekataa kulifikiria.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Tulikuwa tumetoka misa. Maman alikuwa akifungua kitambaa chake cha siku kuu, telefone iko juu ya meza, ikalia mlio mfupi. Hakuna aliyekimbia. Tuliikaribia kama watu wanaokaribia kuku aliyetoroka.

Ilikuwa sauti. Maman alinipa mimi nibonyeze.

Niliogopa kwamba sitaijua. Kolwezi, moshi, vumbi, miezi yote ile. Nilikuwa nimejitayarisha kwa sauti iliyoliwa. Ilikuwa yake. Alisema telefone yake ilikufa na maji mwezi wa kumi na moja na sasa tu amepata nyingine, na namba ileile. Alisema, «Maman, nimesikia. Nimesikia mpaka mayi.» Nyuma yake kulikuwa na sufuria na watu wakiita chakula. Maman alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kisha Yaya akaita jina langu. Jina tu. Nikafikiri amekata.

— Jaël. Ile film. Uliona mwisho yake?

Ikaishia hapo.

Maman anajua kwamba niliiona kwa kina Arlette. Nilimhadithia yote, hadi koti na barabara ndefu, tukichambua mboga. Aliniangalia, akangoja nitasema nini. Mimi nilifikiria ghala lile, plastiki nyeusi, mkono gizani, na mtu mfupi mwenye kikohozi akisimama ili asiue mtu.

Nikabonyeza, nikaileta telefone karibu na mdomo. Nilisema kwa sauti yangu, nyembamba, ya kawaida:

— Apana, yaya. Courant ilikatika. Mvua imeisha huku. Kuya, tutaimaliza pamoja.